Diski Haijafa, Mnaizika Hai



Naandika kupinga uamuzi. Najua si adabu kupinga kauli ya wazee baada ya sahani kuondolewa na kahawa kupita, lakini kikaoni nilinyanyua mkono mara mbili, na mara mbili nikaambiwa muda umekwisha, watu wana zamu alfajiri. Basi nasema hapa, ambapo wa kunikatiza ni mhariri peke yake, na mhariri ndiye aliyenishawishi kuandika.

Uamuzi wenyewe, kama ulivyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao cha Ijumaa, una sentensi tatu: diski ya zamani ya jumuiya imekufa; itupwe; jumuiya iangalie mbele. Nakubaliana na ile ya tatu, tena kwa shingo upande.

Kwa mliokuja Doha juzijuzi, baada ya Kombe la Dunia la 2022, inafaa mwelezwe. Mwaka 2004 jumuiya yetu ilichanga ikanunua kompyuta ya mezani, ile nzito yenye kioo cha mgongo mrefu. Iliwekwa sebuleni kwa katibu wa wakati ule, Najma, ikafunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama vile ni bibi harusi. Humo ndimo lilimoandikwa jarida hili. Humo ndimo lilimokaa daftari la mfuko wa maziko: nani kachangia, maiti gani imesafirishwa lini, na nani kapokea kule nyumbani. Humo ndimo zilimoandikwa barua za watu wasiojua kuandika barua za kiofisi. Mwaka 2010 mashine iliungua sehemu ya kugawia umeme, na mwenzetu mmoja mwenye akili (Mungu amrehemu) akafungua boksi, akachomoa diski ngumu, akaifunga kwenye kipande cha kanga na kuitia kwenye boksi la viatu. Boksi limehama nyumba tano. Sasa liko kwangu, juu ya kabati, mbali na dirisha, maana vumbi la Al Wukair halibishi hodi.

Sasa tuulize: aliyetangaza kifo ni daktari gani?

Nitawasimulia bila kumtaja mtu, kwa sababu kijana mwenyewe ni mdogo wangu na alifanya kwa nia njema. Alinunua waya wa kuunganishia diski kuukuu na kompyuta mpya, akaichomeka kwenye laptopu yake, akangoja. Hakuna kilichotokea. Hakuna mlio wala taa, hakuna kitu kwenye kioo. Akasema imekufa. Siku ya pili akaipeleka duka moja la mafundi mjini. Fundi akaifunga ndani ya kompyuta kuukuu ya dukani, na huko ikaonekana, lakini kioo kikaleta ule ujumbe ambao wengi wenu mnaujua: lazima uifomati diski hii kabla ya kuitumia, je, uifomati? Fundi akasema haina kitu, lete riyali ishirini niifomati uanze upya. Mdogo wangu hakuwa na riyali ishirini mfukoni siku ile. Ndugu zangu, kumbukumbu ya miaka sita ya watu wetu iliokolewa na ufukara wa mwisho wa mwezi.

Akarudi kikaoni na taarifa mbili: laptopu haioni, na fundi kasema haina kitu. Wazee wakakata shauri.

Hapo ndipo ninapogombana. Kompyuta kutoiona diski si habari ya diski peke yake, ni habari ya kompyuta, ya waya, ya umeme, na ya mtu aliyeketi mbele yake. Diski yetu ni ya aina iliyotumika kwenye kompyuta za mezani kabla ya aina ya SATA kuenea, na SATA yenyewe ilianza kuingia madukani mwaka 2003. Ina upana wa inchi tatu na nusu, ina pini 40 nyuma, na ina tundu la umeme lenye pini nne nene. Tundu lile linataka volti 12 za kuzungushia mota na volti 5 za bodi ya saketi. Mlango wa USB wa laptopu hutoa volti 5 basi. Diski ndogo za laptopu zatosheka na hizo, lakini hii ya mezani haiwezi kuzunguka hata nusu mzunguko. Kijana alikuwa akiangalia mota isiyo na umeme akadhani anaangalia maiti.

Mimi nilitumia waya wenye kisanduku chake cha umeme, kile kinachochomekwa ukutani kwa plagi ya pini tatu kama za nyumbani. Nikaiwekea sikio kabla ya macho. Ikanguruma taratibu, ikapanda, ikatulia. Huo ndio mlio unaoutaka. Ungekuwa mlio wa tak, tak, tak, kama mtu agongaye meza kwa ukucha, ningezima papo hapo, kwa kuwa huo ni mlio wa kichwa cha kusomea kilichopoteza njia, na kila sekunde unayoendelea kukilazimisha huenda kinakwaruza kile unachokitafuta.

Ilizunguka, lakini bado kompyuta haikuiona. Na hapa nawaombeni subira, kwa sababu jambo hili limenikalia moyoni kuliko yote.

Nyuma ya diski za zamani, kati ya pini za data na tundu la umeme, pana kidude cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele. Mafundi hukiita jampa. Katika siku zile waya mmoja uliweza kubeba diski mbili, na ili zisigombane, moja uliipangia cheo kwa Kiingereza cha bwana na nyingine ukaipangia cha mtumwa. Maneno hayo yamechapwa kwenye karatasi ya juu ya diski, wala si mzaha wangu. Yetu ilikuwa ya pili katika kompyuta ile, kwa hiyo jampa ilikaa upande wa mtumwa. Ndiyo maana dukani, ilipofungwa nyuma ya diski nyingine, ilionekana. Na kwangu, ilipokuwa peke yake kwenye waya usiomjua mtumwa asiye na bwana, haikujibu. Nikachukua koleo ya nyusi ya mke wangu, nikaihamisha jampa. Ikaonekana.

Mtu wa pwani yetu, aliyeketi Ghuba, akihamisha neno hilo kwa koleo ya nyusi saa tano za usiku, hawezi kurudi kulala moja kwa moja. Nitalirudia.

Ilipoonekana, ilijitokeza kama sehemu mbili. Ya kwanza Windows ilikataa kuifungua kwa kisingizio cha ruhusa. Hilo ni dogo, mafaili yanaikumbuka akaunti ya katibu wa 2004 na hayamjui mtu mwingine, na ukiwa na mamlaka ya kompyuta yako unajimilikisha. Sehemu ya pili ndiyo iliyoleta ule ujumbe wa kufomati. Waungwana, ujumbe ule haumaanishi kuwa diski ni tupu. Unamaanisha kuwa Windows imesoma ukurasa wa kwanza wa sehemu ile, unaoeleza mafaili yamepangwaje, na haikuuelewa. Yawezekana ukurasa umeharibika na nyuma yake kitabu kizima kipo. Yawezekana pia diski ilitoka kwenye kompyuta ya Apple au ya Linux, na Windows haijui lugha yake. Mashine ikishindwa kusoma haisemi sijui kusoma, inaomba ruhusa ya kufuta. Tabia hiyo tunaijua kwa watu.

Sikubonyeza. Nilizima, nikawasha kompyuta kwa Linux iliyoko kwenye flashi, nikaiendesha ddrescue, programu ya bure ambayo hainakili faili mojamoja bali hunakili diski nzima jinsi ilivyo, ikianza na palipo pazima na kurudia penye ubovu baadaye. Usiku kucha na nusu ya Jumamosi. Baada ya hapo diski kuukuu nikaizima, nikafanya kazi kwenye nakala. Kwenye nakala nikatumia TestDisk, nayo ya bure, ikakuta nakala ya ukurasa ule wa kwanza mwishoni mwa sehemu, kwa maana mfumo wa NTFS huweka ya akiba huko, ikairudisha mahali pake. Na wala msiniite fundi. Mimi hupima viyoyozi. Haya yote nimeyajua kwa kusoma, na yeyote kati yenu aliyeweza kujaza fomu za Metrash kwa simu anaweza kuyajua.

Nilichokuta: matoleo ya jarida karibu yote ya kuanzia 2004 hadi 2009, yaliyopangwa kwa PageMaker, programu iliyokwisha kuachwa, hivyo kurasa zake bado nahangaika nazo, ila mashairi na makala zilizoandikwa kwanza kwa Word zafunguka bila taabu. Daftari la mfuko wa maziko lote. Barua mia na kitu. Picha za Idi ufukweni Wakra. Na sauti, ambazo theluthi yake imeharibika na haitarudi: wazee wetu watatu wakighani, mmoja akisimulia safari ya jahazi kutoka Tanga. Huyo wa jahazi ni miongoni mwa walioharibika. Dakika nne zimebaki, halafu inakuja kelele kama ya mvua kwenye bati.

Sasa nije kwa hoja ya wazee, maana ipo ya maana na sitaki kuikwepa. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba, aliniita pembeni mlangoni, watu wakitafuta viatu, akaniambia: mwanangu, ndani ya diski ile mna pasipoti za watu, mna mambo ya watu, wengine walikuwa na matatizo na wenye kazi wao, wengine walikopa mfuko na hawakurudisha. Acha yapotee. Hilo ni stara.

Nimelifikiria kwa wiki mbili. Jibu langu ni kwamba stara hiyo haipo. Diski iliyotupwa kwenye pipa la Al Wukair haijafutika. Yeyote atakayeiokota, akiwa na waya wa bei ya chakula cha mchana, koleo ya nyusi na usiku mmoja, atayaona yote niliyoyaona, pasipoti kwa pasipoti. Na hata fundi angeifomati kwa njia ya haraka ya sekunde chache, angefuta faharasa tu, kurasa zingebaki. Kama nia ni kuficha siri za watu, basi siri zitengwe, wenyewe waulizwe, na kinachopaswa kuangamizwa kiandikwe juu yake mwanzo hadi mwisho au diski ipigwe nyundo sahani zake zipindike. Mlichoamua nyinyi kina ubaya wa pande zote mbili: wenyewe tunakosa kumbukumbu, na mwokotaji anapata siri.

Na hizo barua ni barua gani? Mmoja wetu alifiwa na mama yake mwaka 2007, na kwa sheria ya wakati ule hakuweza kutoka nchini bila kibali cha kutoka kilichotolewa na aliyemdhamini. Kibali kilikuja siku ya tisa. Barua alizoandikiwa, tatu, zimo. Kibali hicho kiliondolewa kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, wafanyakazi wa majumbani wakaingizwa Januari 2020, na mwaka huohuo 2020 ikaondolewa sharti la kuomba barua ya kutopinga kabla ya kuhama kazi. Vijana wa leo wanaobadili mwajiri wanadhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Watajulia wapi? Magazeti hayakuandika juu ya mtu wetu na mama yake. Aliyeandika ni katibu wetu, kwa vidole viwili, kwenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa.

Nilisema nitalirudia lile neno la jampa. Mwaka 2014 ilizinduliwa Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, kazi ya pamoja ya Qatar na Maktaba ya Uingereza, na ndani yake mmewekwa maelfu kwa maelfu ya kurasa za ofisi ya Waingereza iliyokuwa Bushehr. Ziko bure, nazisoma kwenye simu nikiwa kwenye basi kutoka kituo cha metro cha Wakra. Miongoni mwa mafaili hayo mna ya watu waliokuja kwa ofisa wa Kiingereza kuomba hati za uhuru: jina, alikozaliwa, alivyochukuliwa, aliyemuuza, aliyemnunua, miaka aliyozamia lulu. Wako waliotaja pwani yetu ya Afrika. Utumwa hapa ulipigwa marufuku mwaka 1952, na ukienda Msheireb, Nyumba ya Bin Jelmood iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2015, utaikuta habari yao. Kuhusu wengi wao hatuna kingine isipokuwa nusu ukurasa ulioandikwa na karani mgeni, kwa lugha ambayo wao hawakuijua, akifupisha anavyotaka. Tunayasikia maneno yao kupitia mdomo wa karani.

Sisi tuliokuja kwa ndege tukiwa na mikataba si wao, na sitaki mtu aseme nimefananisha. Ninachosema ni kuwa sisi tuliandika wenyewe, kwa Kiswahili chetu, kwa mikono yetu, halafu tukajitupia wenyewe. Karani wa Bushehr, aliyekuwa hatujali, alihifadhi vizuri zaidi.

Wapo watakaosema leo kila kitu kiko kwenye wingu, na WhatsApp inatosha. Simu ngapi mmepoteza tangu mwaka jana? Kundi letu la WhatsApp, aliyejiunga jana haoni lililosemwa juzi. Na anayesema wingu aniambie nenosiri la ile akaunti ya barua pepe ya jumuiya ya 2011. Aliyelijua amehamia Muscat, naye amelisahau.

Wengine watasema mashairi ya jarida yalikuwa mabovu. Mengine ndiyo. Lipo moja la kumsifu katibu lenye beti kumi na nane ambalo mwandishi wake, natumaini, atakuja kuniomba nilifute. Lakini nani aliyejua, wakati Mwana Kupona anamtungia bintiye mwaka 1858, kwamba wasia wa mama kwa mwana utasomwa Hamburg na Dar es Salaam? Ulifika kwa sababu watu waliunakili, mkono kwa mkono, wanawake na wanaume, na baadaye mabingwa wa hati kama Muhamadi Kijuma wa Lamu. Utendi wa Tambuka tunaujua kwa hati ya mwaka 1728. Karatasi ile imevumilia karne karibu tatu, na wino wake hauulizi volti 12. Diski yetu ina miaka ishirini na kidogo na tayari imekula theluthi ya sauti za wazee. Kwa hiyo hata mimi ninayeitetea sisemi ihifadhiwe kwenye kabati kama hirizi. Nasema inakiliwe, na inakiliwe sasa, wakati mota bado inazunguka.

Ninachotaka kwa kamati ni kidogo. Futeni ile sentensi ya pili ya muhtasari. Teueni watu watatu, mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu nusu ya barua zile ni za dada zetu wa majumbani na si vizuri wanaume watupu wakae kuzisoma. Watenge yanayohusu siri za mtu, wamtafute mwenyewe au jamaa zake, wamrudishie. Madeni ya mfuko wa maziko ya zamani yasamehewe kwa kauli moja kabla daftari halijafunguliwa, ili asiwepo wa kuliogopa. Mashairi na makala yachapwe upya humu, moja kila toleo. Nakala ziwe tatu: moja hapa, moja Dar au Mombasa, moja kwa mtu asiyependana na wawili wa kwanza.

Sababu ya haraka yangu ni hii. Mwezi uliopita alinipigia simu mama mmoja wa Pangani, mjane wa mwenzetu aliyefariki Doha mwaka 2008. Alisema, "Mwanangu, nasikia mna mashine yenye mambo ya zamani. Marehemu alinambia aliandika shairi gazetini kwenu mtoto alipozaliwa. Mtoto anaolewa Shaaban." Nikamwambia wazee wamesema mashine imekufa. Akanyamaza, akasema, basi, rambirambi. Nilikata simu kwa aibu, na usiku uleule nikaenda kununua waya wenye umeme wake.

Shairi lipo. Beti tisa, toleo la Machi 2006, ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la mtu anayeuza Corolla. Nimemsomea kwa simu.

Diski iko kwangu na sitaitoa kwa ajili ya kutupwa. Nakala iko sehemu nyingine, sisemi wapi. Mwenye barua yake aje aichukue. Aje na flashi yake na kitambulisho, na apige simu kwanza, maana wiki hii niko zamu ya usiku na mchana nalala.